Radi ya Baba Mkwe

Wifi yangu Sekela ana kipaji cha kusimulia, na kipaji hicho kimenitesa miaka mingi. Siku ya pili ya msiba wa baba yake, ambaye ndiye baba mkwe wangu, tulikuwa nyuma ya nyumba ya Mbugani tunamenya ndizi, wanawake tumejaza uwanja, moshi wa mafiga unatutoa machozi ambayo hayakumhusu marehemu. Mwili ulikuwa njiani kutoka Mbeya. Mtu mmoja akauliza utalazwa wapi, mwingine akajibu ni kwenye chumba cha sinema, maana ndicho kikubwa. Basi hapo Sekela akaweka kisu chini. “Mnakijua kisa cha chumba hicho?” akauliza, huku ananitazama mimi. Walikijua. Kyela nzima inakijua. Lakini msibani watu wanapenda kuchekeshwa, wakamwambia asimulie, naye akasimulia, akapiga magoti pale pale kwenye maganda ya ndizi akaonyesha nilivyokuwa. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mume wangu Ambilikile alikuwa anapita na viti, akasikia, akainamisha uso akaendelea kubeba. Nami nikacheka nao. Nina mtoto wa kiume anayefuga ndevu, na bado masikio yaliniwaka moto. Sekela anasimulia kile alichoambiwa, tena kwa dakika tano. Aibu yangu haikuwa ya dakika tano, ilikuwa ya mwaka mzima, na mwaka huo ninaujua mimi.

Niliolewa Mbugani msimu wa kakao, nyumba nzima inanuka kakao iliyochachuka, hata foronya za mito. Kwa Wanyakyusa wa zamani baba mkwe na mkamwana hawakutani. Mkamwana hamwangalii mkwe usoni, hamtaji jina, akimwona njiani anaacha njia. Mjini wengi walikuwa wameshaacha. Nilikuwa na mashoga waliokaa meza moja na wakwe zao wakigombea kichwa cha samaki mbasa. Kwa baba mkwe wangu hilo halikuguswa. Alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa na simu mbili, alijua bei ya kakao kabla haijatangazwa, lakini mkamwana ni mkamwana. Jina lake sikuwahi kulitaja, na hapa pia silitaji. Mambo yote yalisimama juu ya kikohozi. Akifika getini anakohoa. Akifika barazani anakohoa tena. Nikisikia cha kwanza natupa khanga kichwani, nikisikia cha pili niwe nimeshapotelea nyuma ya jiko. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Alikuwa anakohoa kwa ajili yangu, ili nisiumbuke, na baada ya miezi michache nilikuwa naweza kujua kwa kikohozi kama kakao imemwendea vizuri au amerudi na hasira. Nilipika wali wake kila siku. Nilimchagulia kipande cha mbasa chenye mafuta. Pua yake ilivyokaa, sikujua.

Mwaka huo alijenga chumba cha sinema. Watu walidhani ni majivuno, lakini mimi nilisikia sababu yenyewe nikiwa jikoni, maana jiko letu lilipakana na sebule na ukuta ule ulikuwa hauna siri. Kyela mvua hainyeshi, inamwagwa. Bati likianza kulia, televisheni inabaki kuchezesha midomo tu, na yeye alikuwa mtu wa kupenda picha za vita na za majini. Sasa alikuwa amekwenda Dar es Salaam kwa mnunuzi mmoja wa kakao, akakaribishwa kwenye chumba cha sinema cha nyumbani, na ndani ya picha ikapiga radi. “Sikuisikia kwa masikio,” alimwambia mama mkwe wangu. “Ilinigusa hapa.” Nikasikia kiganja kinapiga kifua. “Nataka hiyo. Mvua inyeshe itakavyo, isinifunike.” Ndipo akaongeza chumba kikubwa upande wa pili wa jiko, mlango mmoja, hakuna dirisha, ukutani kitambaa kizito, na kiti chake kimoja cha ngozi katikati. Kazi ya vyombo akampa Ambilikile, kwa kuwa alikuwa amesoma mambo ya kompyuta na nyumbani waliamini kila chenye waya ni chake.

Siku moja alikuja fundi wa muziki kutoka Mbeya kutoa ushauri. Nilikuwa nakaanga usipa, dagaa wa ziwani. “Inchi kumi na nane, mzee,” nikamsikia. “Woofa nne. Ukiwasha, Matema kule ziwani wanajua.” Baba mkwe akacheka kwa furaha, na mimi nikaunguza usipa wote. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi kwa fundi redio mmoja pale mjini, na kazi yangu kubwa ilikuwa kubadilisha koili za spika zilizoungulia harusini. Woofa, zile spika za besi, za inchi kumi na nane za aina ile nilizijua kwa mikono. Karatasi yake ngumu, pembeni imeshikwa na kitambaa kigumu, haina nafasi ya kwenda mbele na kurudi. Imetengenezwa kupiga kelele uwanjani, harusi na mkutano wa injili. Kelele itakupa mpaka meno yaume. Ile radi ya kugusa kifua iko chini zaidi, mahali ambapo spika hiyo haifiki, na mtu ambaye hajashika spika anaona ukubwa tu anaridhika. Mzee angenunua kelele, akakaa kwenye kiti chake anasubiri radi yake, na isingekuja.

Jioni Ambilikile alipokuwa anakula nikamwambia. Akaendelea kutafuna ndizi za mbalaga polepole. “Una hakika?” akauliza. Nikamwambia nina hakika. “Sasa nitamwambiaje baba kwamba mke wangu amesema?” Hilo swali lilikuwa la kweli. Mkamwana hana sauti kwa mkwe, hata ya kupitisha. Nikasema, “Mwambie umesema wewe.” Nilisema mwenyewe, sikulazimishwa na mtu, na wakati ule niliona ni jambo dogo la nyumbani, kama vile mwanamke anavyopika halafu mwanaume akawaambia wageni karibuni chakula.

Mbeya tulikwenda pamoja kwa kisingizio cha kununua vitambaa. Duka lilikuwa la ndani ndani, spika tupu zimepangwa sakafuni bila maboksi, zinatazama juu. Muuza duka alimtolea Ambilikile kiti, mimi akaniacha nimesimama. Tulikuwa tumekubaliana: nikishika khanga yangu begani, hiyo ndiyo. Nikazunguka kama mtu asiye na shughuli. Nilibonyeza karatasi ya kila moja kwa vidole vilivyotawanyika, taratibu, nasikiliza kama koili inakwaruza ndani. Za kumi na nane zilikataa hata kubonyea. Za kumi na mbili zilikuwa laini lakini chumba kile kingezimeza. Pembeni, chini ya meza, kulikuwa na mbili za inchi kumi na tano ambazo hakuna aliyezitaka kwa sababu ni nzito na hazina mbwembwe: karatasi nene, mpira mpana pembeni uliovimba kama mdomo, sumaku ya kubebwa na watu wawili. Nikabonyeza. Ikaenda chini, ikaenda tena, ikarudi kimya kimya. Nikamwomba muuza duka betri ya tochi na kipande cha waya. “Ya nini, dada?” Nikagusisha. Karatasi ikaruka nje ikakaa hapo hapo imetulia, mpaka nilipoachia. Nikashika khanga begani. Ambilikile akakohoa kidogo kama mtu mkubwa, akasema, “Tutachukua hizi.” Muuza duka akampongeza kwa jicho lake, na mimi nikatazama nje barabarani. Ndipo nilipoona aibu kwa mara ya kwanza mwaka ule, na sikujua kama ni aibu yangu au yake.

Seremala alitengeneza boksi moja kubwa la kuzibeba zote mbili, mbao nene, limezibwa kila upande, na ndani nikajaza sufi mimi mwenyewe usiku wa manane wa mchana, yaani saa nane wakati wazee wamelala baada ya chakula. Baba mkwe alipoziona alimuuliza mwanawe, “Kwa nini kumi na tano? Si tuliambiwa kumi na nane?” Nilikuwa jikoni, nimesimama na mwiko. Nilikuwa nimemfundisha jibu mara nyingi. “Hizi ni za kisasa, baba,” Ambilikile akasema. “Za kisasa,” baba mkwe akarudia, polepole, halafu akakohoa, na kikohozi kile sikukielewa.

Tatizo likaja walipowasha. Boksi waliliweka konani ili lisichukue nafasi. Mlangoni radi ilikuwa inapasua watu, kwenye kona inanguruma, na pale kwenye kiti cha ngozi, hakuna kitu. “Radi iko mlangoni,” baba mkwe akasema, “mimi niko huku.” Wazee wa kanisa walikuwa wamealikwa Jumapili kuja kuona, na aliposema kwamba isipokaa sawa atarudisha hizo za kisasa na kuleta zile nne za fundi wa Mbeya, hakusema kwa ukali, ndiyo maana ilimuuma zaidi mume wangu. Akanijia jikoni amenywea. “Fanya kitu,” akasema.

Besi haienei chumbani kama mwanga wa taa. Sehemu nyingine inajaa, nyingine inakauka kabisa, na kwa macho huwezi kujua. Kuna njia ya mafundi: boksi unalipandisha pale anapokaa msikilizaji, unaliwasha, kisha wewe unatambaa kando ya kuta, sikio likiwa chini kama spika itakavyokuwa. Utakaposikia besi imekaa vizuri, nene, haivumi, hapo ndipo boksi lipelekwe. Njia hiyo naijua nikiwa nimelala. Ila sasa msikilizaji alikuwa baba mkwe, na kiti kilikuwa chake, kiti ambacho mimi sikupaswa hata kukifuta vumbi. Jumamosi alikwenda Ngonga kuangalia mashamba ya mpunga, akaaga kwamba atarudi magharibi. Mama mkwe alikuwa kanisani kwa mazoezi ya akina mama. Tukalipandisha boksi kwenye kiti, mimi na Ambilikile, tunahema. Yeye akakaa kwenye amplifaya. Mimi nikavua khanga ya kichwani, maana inaziba masikio, nikaikaza kiunoni, nikapandisha gauni magotini, nikaanza kutambaa.

Ninakumbuka nilikuwa na furaha. Hilo Sekela halisimulii kwa kuwa halijui. Kwa miezi mingi nilikuwa nafanya kazi za kupika na kukimbia vikohozi, na sasa nilikuwa chini pale nafanya kazi ninayoiweza. Nilipita ukuta wa mlango, ukuta wa nyuma, besi inakuja na kupotea, nikafika ukuta unaopakana na jiko, na hapo ikanishika. Ilikuwa nene, imetulia, inaingia kifuani bila kelele. Nikaweka kiganja sakafuni nisipoteze mahali. Upande wa pili wa ukuta nilisikia kifuniko cha chungu chetu cha maji, chungu cha Wakisi mama mkwe alichonunua Matema, kinagonga gonga chenyewe.

Huko nje mvua ilikuwa imeanza, na mvua ilimrudisha baba mkwe mapema. Alikohoa getini. Alikohoa barazani. Baadaye alimwambia mama mkwe, na mama mkwe akaniambia, kwamba alikohoa mlangoni pia, mara nyingi, mpaka akaona aibu ya kukohoa. Spika nilizozichagua mwenyewe zilikimeza kila kikohozi. Akafungua mlango. Ambilikile alimwona, akazima. Na mimi, nyuma yangu ikiwa inaangalia mlango, kichwa wazi, magoti wazi, mkono mmoja sakafuni, nikasema kwa sauti ya mtu anayeongea na mumewe, “Mbona umezima wewe? Ongeza, hapa hapa ndipo penyewe.” Halafu nikasikia kikohozi. Kidogo, cha karibu, cha mtu ambaye hana njia nyingine.

Mkamwana anatakiwa kukimbia. Chumba kilikuwa na mlango mmoja na yeye alikuwa amesimama hapo hapo. Nilitambaa mpaka kwenye gunia la sufi iliyobaki, nikaingiza kichwa ndani, nikabaki hivyo, sehemu nyingine zote zikiwa nje. Nikasikia viatu vyake vinarudi nyuma. Kwa nje, kwa sauti ya chini, akauliza, “Alikuwa anafanya nini humu?” Mle ndani ya gunia nikasubiri. Lilikuwa neno moja tu. Mume wangu aseme, baba, huyu ndiye aliyechagua spika, alikuwa anakutafutia mahali. “Anatafuta hereni, baba,” Ambilikile akasema. “Ilidondoka.” Sikuwa nimevaa hereni. Nilitoka kwenye gunia nywele zimejaa sufi, na mume wangu hakunitazama.

Hereni ya mkamwana imepotelea chumbani kwa mkwe, muziki umefunguliwa, nguo zimepanda: kila aliyesikia alimalizia mwenyewe. Mama mkwe aliniambia kwa upole nirudi kwetu Ngonga nikapumzike. Kupumzika kwa mwanamke asiyeumwa, asiye na mimba, kila mtu anajua maana yake. Nilipumzika kipindi chote cha mavuno. Nilikata mpunga na wanawake ambao walikuwa wananyamaza nikifika, na yule asiyenyamaza alikuwa ananiuliza kama hereni imeonekana. Ambilikile alikuja na usipa na sukari, akakaa kwenye benchi na kaka zangu, akaongea habari za barabara. Mama yangu akinipakulia chakula alikuwa ananipa sahani bila kuniangalia, na mimi nilikula haraka ili niondoke mezani. Nilishaanza kuzoea kwamba sitarudi.

Aliyekuja mwishoni alikuwa mama mkwe, peke yake, kwa bodaboda, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Alisalimiana na mama, “Mugonile,” wakaulizana habari za mpunga, akanywa chai yote. Kisha akaniambia, “Nimetumwa. Mzee anauliza lile boksi likae ukuta gani.”

“Mama, mimi nitajuaje?”

“Usinichoshe, nimetoka mbali. Mtoto wake amelihamisha pote. Lingekuwa na miguu lingekuwa limesharudi Mbeya.”

Nilitazama vidole vyangu. “Ukuta wa jikoni,” nikasema. “Si konani. Pale linapoanzia zulia.”

“Anauliza tena, kwa nini kumi na tano, si kumi na nane.”

Nikamweleza. Alisikiliza kama mtu anayekariri, midomo inafuata. “Ndaga,” akashukuru. “Mzee anasema yule mwanawe alimjibu kwamba ni za kisasa. Tangu hapo alijua si yeye aliyechagua. Anasema aliposimama mlangoni aliona boksi liko kwenye kiti chake, akaelewa kwamba kuna mtu anamtafutia radi yake. Funga mizigo.”

Nilipaswa kufurahi. Nililia, na sikulia kwa furaha. Kama alielewa vile, basi aliona vyote: mimi nilivyokuwa, na mwanawe alivyokuwa, na aliisikia hereni akajua ni uongo, akanyamaza ili asimvunje mwanawe mbele yangu. Nikarudi Mbugani nimebeba aibu ya watu watatu. Mimi na Ambilikile hatukuligusa jambo hilo. Hadi leo hatujaligusa. Ni mume mzuri, ameniuguza nikiumwa, amesomesha watoto, na kuna neno moja hawezi kulisema, nami nimechoka kulisubiri na bado nalisubiri.

Boksi likawekwa ukuta wa jikoni. Jioni, mvua ikianza kulia kwenye bati, baba mkwe alikuwa anaingia chumbani kwake, na kabla ya kuwasha anakohoa kwenye ukuta, upande wangu. Navuta kigoda, naegemeza mgongo pale. Picha sikuiona hata moja. Radi ikipiga ilikuwa inampitia yeye kifuani, inanipitia mimi mgongoni, na maji ya kwenye chungu yanatetemeka. Ikiisha, anakohoa tena kidogo, na mimi nikishajua ameridhika naamka kupakua chakula. Tuliishi hivyo miaka. Nilikuwa naona aibu kwamba napenda, nikisikia mtu anakuja najifanya nachambua mchele.

Mwili ulifika mchana. Kiti cha ngozi kilikuwa kimetolewa nje, jeneza limewekwa mahali pake, wanaume wakapita kuaga, kisha wanawake, kisha wakaitwa mabinti na wakamwana. Sekela alikuwa mbele yangu analia kwa sauti, akaingia. Zamu yangu ikafika, nikasimama mlangoni, mlango ule ule. Nyuma yangu foleni ikaanza kunong’ona. Mtu akanigusa bega, “Pita, mama Lusajo.” Sikuweza kuingia hivi hivi kwa mtu ambaye hakuwahi kuingia nilipo bila kunijulisha, isipokuwa ile siku moja, na siku hiyo kosa halikuwa lake.

Nikakohoa.

Minong’ono ikakatika. Ambilikile, aliyekuwa amesimama kando ya boksi, akageuza uso ukutani. Mama mkwe, aliyekaa mkekani upande wa kichwa cha jeneza, aliinua macho akaniangalia muda mrefu, kama siku ile ya chai kule Ngonga.

“Pita, mwanangu,” akasema. “Amesikia.”

Nikapita. Sikumtazama. Macho yangu niliyaweka sakafuni, pale linapoanzia zulia.